Zumari la Jumapili ya Matawi

Mwezi uliopita nilialikwa harusini Dar es Salaam, kwenye ukumbi wenye viyoyozi na viti vilivyovishwa nguo nzuri kuliko zangu. Nilikuwa nimekaa kwa heshima, sambusa mkononi, nikimweleza jirani yangu wa mezani jambo ambalo hakuniuliza, pale kikundi kilichokodiwa kumwingiza bibi harusi kilipoanza kazi. Ngoma kwanza. Halafu juu ya ngoma likapanda zumari.

Sikumbuki kusimama. Ninachokumbuka ni kwamba nilijikuta nyuma ya nguzo, mgongo nimeubandika ukutani, sambusa imepondeka kiganjani, na mtoto wa kaka yangu ananitazama kama watu wanavyotazama gari lililogonga mti.

"Shangazi, vipi?"

"Kiyoyozi," nikamwambia. "Kinanipiga kifuani."

Mtu mwenye shahada mbili, ambaye amewahi kusimama mbele ya ukumbi mzima wa wanafunzi na kuwaeleza habari za hofu kana kwamba ameivumbua yeye, anapaswa kuwa na jibu bora kuliko hilo. Ninalo. Lakini ni refu, linaanzia Pemba, kwenye skuli ya masista, mwanzoni mwa masika, na halifai kusimuliwa kwa mtu aliyekuja kula biriani. Kwa hiyo nakusimulia wewe.

Skuli yetu ilikuwa nje kidogo ya Wete, juu ya kilima, kanisa dogo upande mmoja na madarasa manne upande wa pili, na katikati uwanja wa udongo mwekundu ambao ulitia rangi kila soksi iliyowahi kuingia pale. Wanafunzi Wakristo walikuwa wachache, watoto wa askari na wa wafanyakazi wa ofisini waliohamishiwa kisiwani kutoka Bara. Sisi wengine tulikuwa watoto wa Kiislamu wa mitaa ya jirani, tuliopelekwa pale kwa sababu palikuwa karibu na kwa sababu masista hawakuwahi kukosa kuja kazini. Bibi yangu alinivalisha ushungi siku ya kwanza akasema, "Nenda ukasome. Dini yako utaikuta hapa hapa nyumbani, haiendi pahala." Basi asubuhi nilikwenda kwa masista na jioni nikaenda chuoni kwa maalimu kusoma Kurani. Asubuhi nilichapwa kwa Kiswahili sanifu, jioni nikachapwa kwa Kiarabu. Nimekuwa mtu wa lugha nyingi tangu utoto.

Aliyetuchapa asubuhi ni Sista Mkuu. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, kutoka Bara, mwenye viganja vya mkulima na viatu vya ngozi ambavyo ulivisikia kabla hujamwona. Bakora yake ilikuwa ya mpera, na ukikosa ulitumwa mwenyewe kuikata. Ukileta nyembamba alikurudisha. Ukileta nene alikusifu, kisha akaitumia. Alikuwa na neno lake alilolisema kabla ya kila fimbo: "Mungu anakuona. Na mimi nakuona. Na mimi niko karibu zaidi." Nyosha mkono. Mwingine. Usinitazame kwa jicho hilo.

Usidhani nalalamika. Kwa mizani ya siku zile Sista Mkuu alikuwa mtu wa haki, maana alitupiga sawa sawa, Waislamu na Wakristo, na kila siku tulipotoka alipita darasa kwa darasa kuhakikisha hakuna aliyeachwa na wenzake. Tulimwogopa kama radi. Tungempigania pia, kama angetuomba.

Masika yalipoingia, skuli iligeuka. Paa lilikuwa la bati tupu bila dari, na mvua ya Pemba hainyeshi, inapigana. Ikishaanza, mwalimu ubaoni alibaki kufungua na kufunga mdomo kama changu aliyetolewa majini. Hapo ndipo tulipopata nafasi yetu. Chini ya kelele ile uliweza kumvuta mwenzako nywele, kumpiga ngumi ya mbavu, kumchoma kwa ncha ya bikari, naye akalia kwa nguvu zake zote asisikike. Mwenzangu wa dawati alikuwa binti wa askari, msichana mrefu mwenye viatu vizito vyeusi ambavyo baba yake alivitoa sijui wapi. Mvua ikianza tu, alinikanyaga. Mvua ikikatika, tuligawana kipande cha muhogo.

Njiani kurudi tulipigana kwa matope, watoto wa kambi ya polisi upande mmoja, sisi wa mitaani upande wa pili. Sheria ilikuwa moja tu, kwamba usitie jiwe ndani ya tope, na kila mtu alitia. Nyoka walifukuzwa na maji mashimoni wakaja kutafuta pakavu madarasani. Mwalimu wa hesabu alimuua mmoja kwa rula ya mbao, akaifuta kwa kitambaa cha ubao, akaendelea na sehemu. Rula ile ilibaki na doa. Kila alipoinyanyua kutuonyesha namba, sisi tulitazama doa.

Na katikati ya yote hayo, harufu. Majani mabichi yaliyokatwa, nguo zisizokauka, uji wa skuli uliopikwa kwenye sufuria kubwa nyuma ya jikoni, wenye moshi mwingi na sukari ya kusingiziwa. Nyumbani Bibi alichoma shelisheli zima kwenye makaa, akalikwangua maganda meusi kwa kisu, akalipasua na kulimiminia tui la chumvi. Mikono yangu ikiwa imevimba kwa bakora, alinilisha mwenyewe, bila pole, akiniuliza tu, "Leo kwa nini?" Nikimwambia, alisema, "Aa. Basi hiyo ilikuwa haki yako."

Kisha kulikuwa na Sina Mjomba.

Huyo alikuwa ng'ombe wa babu yangu, dume jeusi lenye baka jeupe shingoni na nundu iliyolalia upande mmoja kama kofia ya mtu mwenye majivuno. Ujana wake wote aliutumia uwanjani. Kama hujawahi kufika kwetu, nikueleze kidogo: Pemba tunacheza ng'ombe. Hatumuui. Hufungwa kamba ndefu, zumari na ngoma hupigwa, wanawake husimama mahali pa juu wakaimba, na wanaume huingia mmoja mmoja kumwita kwa kanga au kwa gunia. Anapokuja, unageuka, anapita. Usipogeuka, anapita vile vile, ila juu yako. Na aliyeangushwa uwanjani hana dai. Hamwendei mwenye ng'ombe, hamwendei sheha, mkuu wa mtaa. Ameingia kwa miguu yake. Ilikuwa aibu kubwa kuliko kuvunjika mbavu, mtu kuangushwa halafu akalalamika.

Sina Mjomba aliangusha wengi. Jina hilo Babu alimpa kwa maana kwamba ukishakorofishana naye huna wa kukwenda kukuombea. Kijana mmoja wa Wambaa alirudi kwao bila meno ya mbele, na nasikia aliringa nayo mapengo hayo mpaka akaoa. Lakini miguu ya Babu ilianza kuchoka, hakuweza tena kumshika ng'ombe wa uwanjani, akamfundisha kukokota gari. Ndipo skuli ikamwazima. Kisima kilikuwa bondeni, skuli juu, na kila asubuhi Sina Mjomba alipandisha mapipa ya maji kwa masista, mpole kama mtu aliyestaafu serikalini. Sista Mkuu hakupenda jina lake. Alimwita "Ng'ombe", kwa sauti ile ile aliyotuitia sisi.

"Si mkali huyu," Babu alimwambia siku ya kwanza, akifunga kamba kwenye nguzo ya banda nyuma ya jikoni. "Miye nakwambia, Sista, hana ubaya. Ana kumbukumbu tu."

Sista alicheka. Alidhani ni maneno ya wazee.

Jambo moja zaidi, nalo ni la muhimu. Uwanja wa kuchezea ng'ombe ulikuwa chini tu ya ukuta wa skuli. Kila mwaka, kiangazi kinapokaribia kwisha, watu walicheza pale kuiombea mvua, siku ambazo Babu hakumleta Sina Mjomba skuli, na Sista Mkuu alitukataza kabisa kutazama. Ukatili kwa mnyama, alisema, na kupoteza muda. Lakini kila siku ya mchezo yeye mwenyewe aligundua kwamba maua ya ukutani yanahitaji maji, akasimama pale juu na kopo lake la kumwagilia tangu mchezo uanze mpaka uishe. Sisi tulioinama darasani tulimwona kupitia dirishani. Kopo halikuwa na maji.

Mwaka ninaousimulia, kinanda cha kanisa kililiwa na panya. Waliingia ndani ya mfuko wake wa upepo wakati wa Kwaresima wakazaa humo, na siku kilipofunguliwa kilitoa sauti moja kama ya mgonjwa, halafu panya. Jumapili ya Matawi ilikuwa mlangoni. Sista Mkuu alikuwa amepanga kwa mara ya kwanza maandamano yatoke nje ya kanisa, yazunguke uwanja wa skuli, ili majirani waone, na hakutaka yatoke kimya kama mazishi. Jirani yetu, fundi baiskeli, akajitolea. Alikuwa mpiga zumari. Muislamu safi, hakosi sala, lakini zumari ni zumari.

"Unajua kupiga kitu cha furaha?" Sista alimuuliza.

"Sista, miye harusi zote za hapa nimepiga miye."

"Basi piga cha harusi. Polepole."

Matawi nayo tukayasuka sisi. Watoto wa askari hawakujua kusuka. Sisi tulizaliwa tukiwaona bibi zetu wanasuka ukili, kwa hiyo Jumamosi nzima Waislamu tulikaa barazani kwa masista tukisuka makuti machanga, misalaba, mashada, na fagio moja kwa makusudi, ili Wakristo wakamshangilie Nabii Issa kesho yake. Tulipewa chapati za maji. Binti wa askari alikaa karibu yangu akaharibu makuti matatu mfululizo.

"Weye mikono yako ya kukanyagia tu," nikamwambia.

"Na wewe mdomo wako wa kukanyagwa," akanijibu.

Jumapili tulikwenda kuona kazi ya mikono yetu. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha ikakatika alfajiri, uwanja umekuwa tope jekundu, jua limetoka, kila kitu kinatoa mvuke. Majirani walijipanga pembezoni, wanawake wamepanda kwenye kingo za baraza ili kanga zisiingie tope. Tazama picha hiyo, rafiki yangu, maana sisi hatukuitazama. Watu wamekaa mviringo. Wanawake juu. Uwanja mtupu katikati.

Padri akatoka, wakafuata waumini, Sista Mkuu nyuma na shela lake jeupe. Fundi baiskeli akaanza. Alipiga ya harusi, tena polepole, kama alivyoagizwa, na ilipendeza. Sisi wa pembeni tulipiga makofi. Waumini wakapata moyo, wakaanza kupunga matawi na kuimba, na wanawake wa barazani, ambao hawajui kusikia zumari wakanyamaza, nao wakaingiza vigelegele.

Hapo ndipo kosa lilipotokea, na nimelifikiri miaka mingi, sioni wa kumlaumu. Fundi baiskeli hakuwahi maishani mwake kuona umati unapunga vitu hewani, wanawake juu wanaimba, uwanja wazi mbele yake, isipokuwa mahali pamoja. Alikuwa amefumba macho. Vidole vyake vikafuata njia viliyoizoea. Wimbo wa harusi ukakaza mwendo, ukapinda, na kabla yeye mwenyewe hajajua alikuwa anapiga ule wa kumtoa ng'ombe.

Nyuma ya jikoni nguzo ya banda ililia mara moja, kama mtu anayevunja mua.

Sina Mjomba alitoka akiburura kamba na kipande cha nguzo. Hakukimbia. Alitembea mpaka ukingo wa uwanja akasimama, akapiga tope kwa kwato, akainamisha kichwa upande, akasubiri aitwe. Alipendeza mno. Nasema ukweli wangu, kwa dakika ile hakukuwa na Muislamu pale ambaye moyo wake haukufurahi. Kisha akaona matawi mia yanampungia kwa pamoja.

Sijui nikuelezeje kilichofuata bila kukifanya kiwe kizuri. Alimpitia mbeba msalaba kwanza, na msalaba ukaruka ukaangukia paa la jikoni. Alimtupa baba mmoja wa kambini, mtu mzima mwenye koti, akazunguka hewani na kuangukia uso. Padri aliingia ndani ya pipa la maji. Watu walikimbia kila upande na kugongana, meno yalikatika kwa vichwa vya jirani, mtoto mmoja alivunjika mkono na kusimama akiutazama unavyoning'inia kana kwamba si wake. Tope jekundu lilichanganyika na damu, hukuweza kujua nani ameumia na nani amechafuka tu. Na zumari halikunyamaza. Mpiga zumari wa ng'ombe hanyamazi mtu akiwa bado uwanjani, maana kunyamaza ni kumtupa mchezaji, na fundi baiskeli, macho ameyafumbua sasa, machozi yanamtoka, aliona uwanja umejaa wachezaji.

Mimi nilikimbia, nikateleza, nikaanguka. Nina kovu hapa chini ya bega la kushoto, na kwenye hafla za wasomi, nikishaulizwa, huwa nawaambia ni la ng'ombe. Si la ng'ombe. Ni la kiatu cheusi kizito cha binti wa askari, aliyenipita juu kama daraja. Nilipoinua uso kutoka kwenye tope, Sina Mjomba alikuwa mbele yangu, karibu kiasi cha kusikia harufu ya majani aliyokula, naye amenitazama. Nilikuwa na kuti mkononi, la kuokota. Sikulipunga. Lilikuwa linatetemeka lenyewe.

"Ng'ombe!"

Ile sauti. Mgongo wangu ulinyooka hata nilipokuwa chini.

Sista Mkuu alikuwa amesimama katikati ya uwanja peke yake. Alikuwa na tawi, lakini hakulipunga juu kama waumini. Alilishusha kwenye nyonga, pembeni, akalitikisa kidogo kidogo kwa kifundo cha mkono, jinsi wanavyolitikisa gunia wachezaji wakubwa wa kwetu. Sina Mjomba akageuka. Akamwendea. Na yule mwanamke mfupi, mpana, akamsubiri, akamsubiri, akalivuta tawi, akazunguka kwa kisigino, na ng'ombe akapita mtupu.

Uwanja mzima ulipiga ukelele. Watu waliokuwa wamelala kwenye tope waliinuka kwenye viwiko wakashangilia. Mwanamke mmoja barazani akaanzisha wimbo wa kumsifu mchezaji, wengine wakaudaka. Nilimwona Sista usoni. Usiniambie hakufurahi.

Angetoka hapo. Mchezaji mzuri hutoka hapo. Lakini ng'ombe alishageuka, naye akashusha tawi tena, akamsubiri tena, na safari hii kiatu cha ngozi kikateleza. Pembe ilinasa nguo. Alinyanyuliwa akapigwa chini, akanyanyuliwa tena, na nilisikia mfupa wake ukivunjika, sauti ndogo kavu katika kelele zote zile.

Babu alikuwa ameshafika, miguu yake mibovu na yote. Hakumkimbilia ng'ombe kwanza. Alimkimbilia fundi baiskeli akampokonya zumari mdomoni. "Yakhe, nyamaza! Nyamaza utatuulia mtu!" Na lilipokatika tu, Sina Mjomba akasimama. Akapepesa masikio. Akamtazama Sista chini, kisha akamtazama Babu, kama mtu aliyeamshwa chumba cha ugenini. Babu akamshika pua, akamwongoza nje, akimnong'oneza maneno ambayo mpaka leo siyajui.

Hakufa mtu. Walijeruhiwa wengi, na Sista Mkuu alivunjika mtulinga na mbavu, mkono wa kulia ukawa hauna kazi. Lakini ng'ombe kumvunja mtawa mbele ya kanisa halikuwa jambo la kuachwa. Siku ya pili askari alikuja kwetu pamoja na sheha. Alikuwa ndiye baba wa mwenzangu wa dawati. Alisema mnyama hatari hupigwa risasi, gari litakuja keshokutwa na mtu mwenye bunduki.

"Risasi inamfanya mzoga," Babu alisema. "Nimchinje, basi. Watu wale."

"Mzee, hii si sikukuu. Ni amri."

Yule aliyewahi kuwa bingwa wa kisiwa angefukiwa shimoni kama mbwa. Jioni Babu alimpeleka Sina Mjomba kisimani akamwosha, akamsugua kwa kumbi la nazi, kwato moja moja.

"Unamwosha kama maiti," Bibi alimwambia.

"Namwosha kama bwana harusi," Babu akasema, na hakula usiku ule, wala kesho yake.

Bibi hakuwa mtu wa kukaa. Alipika uji wa mchele wenye pilipili manga, akanivalisha ushungi safi, tukaenda hospitali. Tulimkuta Sista Mkuu amefungwa kama kifurushi, uso umevimba, na askari na sheha wako mbele yetu, wamekuja kumuuliza maneno ya kuandika. Bibi akaniminya bega tukae kimya mlangoni.

"Sista," askari alisema, "mnyama huyu alikushambulia?"

"Alikuja nilipomwita."

"Ulimwita?"

"Nilimtikisia tawi." Alizungumza kwa taabu, pumzi fupi fupi. "Mzee sheha, nikuulize wewe, maana mimi ni mgeni. Mahali penye zumari, watu wamekaa mviringo, kina mama wako juu wanaimba, na mtu anamtikisia ng'ombe kitu pembeni ya nyonga. Hapo kwenu panaitwaje?"

Sheha akakuna kidevu. Akamtazama askari, akatazama dari.

"Panaitwa uwanjani, Sista."

"Na mtu akiangushwa uwanjani?"

"Ameangushwa tu. Hana dai."

"Basi andika," Sista akamwambia askari, kwa sauti ile ile ya nyosha mkono. "Andika nimeangushwa tu."

"Sista, hao wengine walioumia je?"

"Walikuwa wanapunga matawi. Mimi nililiona kila tawi. Waulize kama wapo wanaotaka kuja hapa kwangu kulalamika."

Hakuja hata mmoja. Mtoto wa mkono uliovunjika aliringa nao mpaka mwisho wa mwaka. Gari la polisi halikuja, na Babu alipoambiwa alikaa kitako pale pale alipokuwa amesimama, kwenye tope, akaomba shelisheli.

Sista Mkuu alirudi baada ya Pasaka, mkono umefungwa kifuani, na tukaambiwa mkono ule hautanyanyuka tena kupita bega. Tulimwombea apone, wallahi. Lakini tulitazamana pia. Bakora ya mpera ilining'inia ukutani ofisini, na karibu yake sasa ilining'inia kanga kuukuu iliyochanika, ile Babu aliyomwitia Sina Mjomba enzi zake, aliyomletea Sista na kumkabidhi kwa mikono miwili. Kwa wiki kadhaa tulikuwa watoto huru kuliko wote Pemba. Kisha akajifunza kwa kushoto. Kushoto kulikuwa kuzito zaidi, na hakukuwa na shabaha.

Sina Mjomba aliishi miaka kadhaa zaidi, akipandisha maji. Siku alipolala na kukataa kunyanyuka, Babu alimchinja mwenyewe, kisu kikali, bismillahi, na damu ilikwenda mbali kuliko nilivyodhani ya ng'ombe mzee ingefika. Nundu hakuigawa. Aliifunga kwenye jani la mgomba akanituma nimpelekee Sista. Ilikuwa Ijumaa, ndani ya Kwaresima, mfungo wake wa nyama. Aliifungua, akaitazama, akameza mate, nikamwona. Akaitia chumvi, akaining'iniza juu ya moshi wa jikoni, na kila asubuhi alipita chini yake bila kuinua macho, nasi tukicheka. Sisi watoto wa Kiislamu tunaijua saumu tukiiona. Tuliacha kumcheka. Siku ya Pasaka aliila yote.

Nilipita pale mwaka jana. Madarasa yana dari na vigae, mvua ikinyesha huisikii, na ukuta umejengwa mrefu, huwezi kuona kilichoko chini. Mpera umekatwa. Mlinzi, kijana mpole, aliniambia hapa watoto hawachapwi siku hizi, na nikasema vyema, kwa sababu ni vyema. Sitamani bakora ile kwa mwana wa mtu. Nikamuuliza kama bado wanacheza ng'ombe. Akasema mara moja moja, wageni wakija. Babu na Bibi wamelala upande ule wa bonde. Sista alirudishwa kwao Bara akafia huko, mbali na mtu yeyote ambaye angejua kumwimbia.

Basi nilipokuwa nyuma ya nguzo ile harusini, zumari liliendelea. Bibi harusi alikuwa bado hajaingia, wanawake walikuwa wamepanda juu ya viti wanapunga leso, na katikati ya ukumbi palikuwa patupu. Nilifuta sambusa kiganjani kwa leso yangu. Nikatoka nyuma ya nguzo hatua moja, kisha nyingine, mpaka nikasimama mahali ambapo ningeonekana. Mlango mkubwa ulikuwa wazi. Nikautazama. Leso ilikuwa mkononi mwangu, nami nilikuwa nimeishusha pembeni, kwenye nyonga.

Akaingia bibi harusi.